Shilingi na dola: vipindi vyenye sababu tofauti

Tarehe 14 Juni 1966, Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa na shilingi yetu ikaanza kuchukua nafasi ya ile ya Afrika Mashariki, dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na shilingi 7 na senti 14 hivi. Oktoba 2024 dola hiyo hiyo ilikuwa imefika karibu shilingi 2,700. Anayeziweka namba hizi mbili pamoja bila kutazama yaliyopita katikati huona mteremko mmoja mrefu, na hapo ndipo yanapotoka maelezo ya mkato yanayosikika kila siku Kariakoo na ndani ya daladala: kwamba shilingi haifai kuwekwa, na mwenye akili ashike dola. Ukweli ni kwamba vipindi hivyo vilikuwa na sababu tofauti kabisa, na anayevichanganya hukosea hata anapopanga fedha zake mwenyewe.

Kwa takriban miaka ishirini ya mwanzo kiwango hakikuamuliwa na soko. Kilipangwa na Serikali. Kufikia 1985 wastani rasmi ulikuwa kama shilingi 17 na nusu kwa dola, ilhali bei za bidhaa nchini zilikuwa zikipanda kwa takriban asilimia 30 kwa mwaka. Bei za ndani zikipanda kwa kasi hiyo na kiwango kikabaki pale pale, dola rasmi inakuwa rahisi kupita kiasi: wote wanaitaka, wachache wanaipata, na waliobaki wanaifuata kwa magendo kwa bei iliyo mara kadhaa ya ile rasmi. Marekebisho ya uchumi yaliyoanza 1986 ndiyo yaliyolifunua pengo hilo. Wastani wa 1990 ulifika shilingi 195, na wa 1995 ukafika 575 hivi. Katikati ya mabadiliko hayo, sheria ya fedha za kigeni ya 1992 ilifungua njia kwa maduka ya kubadilisha fedha, na 1994 likaanza soko la jumla la fedha za kigeni baina ya benki. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya anguko la miaka ile ilikuwa ni bei rasmi kukubali jambo ambalo bei ya mtaani ilikwisha kulitangaza zamani.

Baada ya hapo mwendo ukapungua. Dola ilikuwa shilingi 800 mwaka 2000, takriban 1,400 mwaka 2010 na karibu 2,300 mwaka 2020. Kwa miaka mingi ya kipindi hicho bei za Tanzania zilipanda haraka kuliko za Marekani, na sarafu ya nchi yenye mfumuko mkubwa wa bei haiwezi kushindana muda mrefu na ya nchi yenye mfumuko mdogo.

Kanuni hiyo, hata hivyo, haielezi yaliyotokea 2023 na 2024. Mwaka 2022 mfumuko wa bei Tanzania ulikuwa wastani wa asilimia 4.3, na Marekani ulikuwa asilimia 8. Kwa hesabu ya bei peke yake, shilingi ndiyo iliyostahili kuimarika. Lakini kuanzia Machi 2022 hadi Julai 2023 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50, fedha za wawekezaji zikaelekea huko, na wakati huo huo mafuta, mbolea na ngano vilikuwa vimepanda bei katika soko la dunia. Sisi tunanunua bidhaa hizo kwa dola. Meli ya mafuta inayoshusha Dar es Salaam ilihitaji dola nyingi zaidi kwa lita zile zile, katika kipindi ambacho dola zenyewe zilikuwa adimu kwenye benki.

Tumchukue mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza kontena la vitenge na viatu kutoka Guangzhou kwa dola 40,000. Kwa kiwango cha 2,300 anahitaji shilingi milioni 92. Kwa 2,700 anahitaji milioni 108, na zile milioni 16 za juu zitatoka ama kwenye faida yake ama mfukoni mwa mteja. Hofu yake inaeleweka. Aliyekimbilia dola Oktoba 2024, hata hivyo, alijikuta Desemba dola imeshuka hadi karibu 2,400: shilingi milioni 54 alizozigeuza kuwa dola 20,000 zilikuwa zimebaki milioni 48. Kisha ikapanda tena kuelekea 2,700 kufikia Mei 2025, na nusu ya pili ya mwaka huo shilingi ikaimarika upya.

Mzunguko huo una msimu ndani yake. Watalii huongezeka kuanzia Juni, mauzo ya mazao kama korosho huingiza dola mwishoni mwa mwaka, na miezi ya mwanzo wa mwaka huwa mikavu. Dhahabu, ambayo huuzwa mwaka mzima, hupunguza makali ya ukavu huo, na ndiyo maana Benki Kuu imekuwa ikiinunua hapa nchini ili kukuza akiba ya fedha za kigeni, ambayo lengo lake ni kutosha kuagiza bidhaa na huduma kwa miezi isiyopungua minne. Kanuni za Machi 2025 zinazokataza kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni zililenga upande wa mahitaji: kodi ya nyumba ya Masaki ikilipwa kwa shilingi, mpangaji hana sababu ya kugombea dola na mwagizaji wa dawa.

Kwa sababu ya msimu huo, mwenye kupanga manunuzi hulinganisha Mei na Mei iliyotangulia, na Oktoba na Oktoba, akitumia wastani unaotangazwa na Benki Kuu badala ya namba ya kuuzia iliyo kwenye ubao wa duka moja la Mtaa wa Samora, ambayo tayari ina faida ya mwenye duka ndani yake.