Kupiga kazi zote za Chopin jukwaani: yasemwayo na yalivyo

Kila baada ya muda hutokea mpiga piano akatangaza kwamba atapiga mbele ya watu kazi zote za piano za Frédéric Chopin, usiku baada ya usiku, mpaka ziishe. Tangazo la namna hiyo huvuta watu ukumbini, na nje ya ukumbi huzalisha maneno. Mengine ni ya kweli. Mengi yamerithiwa tu kwa walimu na kwenye vijitabu vya programu, na hakuna aliyesimama kuyakagua. Nimeyachagua yale ninayokutana nayo mara nyingi.

Dhana: “Zote ni zote, hapo hakuna cha kujadili”

Mwaka 2010, dunia ilipoadhimisha miaka 200 tangu Chopin azaliwe, mpiga piano wa Japani Yukio Yokoyama alipiga kazi zake 166 kwa siku moja, na Guinness wakamwingiza kwenye kitabu chao cha rekodi. Mwaka uliofuata alirudi jukwaani, na mara hii kazi zote za Chopin zikawa 212. Mtunzi alikuwa kaburini tangu Oktoba 1849, hivyo hatuwezi kusema kwamba kati ya tamasha la kwanza na la pili aliongeza vipande 46. Kilichobadilika ni hesabu.

Hesabu yenyewe inasumbua hivi. Chopin mwenyewe alichapisha mpaka Op. 65 (Op. ni opus, namba ambayo kazi hupewa inapochapishwa), ambayo ni sonata ya chelo na piano. Ukitafuta piano peke yake unaitoa hiyo, unatoa trio, unatoa konserto mbili na vipande vingine vichache alivyoandika kwa piano na okestra, na nyimbo za kuimba nazo unaziweka kando. Mpaka hapo hakuna ugomvi. Ugomvi unaanza kwenye alichoacha kwenye makasha. Kwa mujibu wa watu waliokuwa karibu naye siku za mwisho, aliomba miswada ambayo hakuichapisha iteketezwe. Familia haikufanya hivyo. Ilimkabidhi Julian Fontana, rafiki yake wa tangu ujana, naye mwaka 1855 akatoa mkusanyiko unaoanzia Op. 66. Hiyo Op. 66 ni Fantaisie-Impromptu, kipande ambacho hata mtu asiyejua jina la Chopin amekisikia mahali. Kwa hiyo anayesema atapiga “kila alichotaka Chopin tukisikie” analazimika kukiacha nje, na nusu ya ukumbi itadai nauli yake.

Fontana naye hakumaliza yote. Nokturni ya mwaka 1830, ile ambayo Chopin alimtungia dada yake Ludwika, haikutoka kwenye matbaa mpaka 1875, na leo ni miongoni mwa zinazopendwa sana. Kuna polonezi aliyoitunga mwaka 1817 akiwa mtoto wa miaka saba: je, nayo inahesabiwa? Kuna mazurka (ngoma ya Poland) Op. 68 namba 4, ambayo kwa muda mrefu imetajwa kuwa utunzi wake wa mwisho. Iliachwa kama rasimu iliyojaa mikwaruzo, na rafiki yake mpiga chelo Auguste Franchomme ndiye aliyejaribu kuisoma na kuinakili vizuri. Baadaye wataalamu wengine waliisoma rasimu ileile wakatoa matokeo tofauti. Anayepiga zote apige usomaji wa nani?

Kisha likaja la Oktoba 2024. Maktaba na makumbusho ya Morgan ya New York ilitangaza kwamba imepata waltzi isiyojulikana, kwenye kikaratasi kidogo chenye ukubwa wa kadi. Karatasi, wino na mwandiko wa nota vilikaguliwa, na wataalamu wakaona ni mkono wa Chopin, ingawa jina lake lililo juu ya karatasi liliandikwa na mtu mwingine. Kipande hicho hakifiki hata dakika mbili. Hata hivyo, kila rekodi iliyouzwa kabla ya hapo kwa jina la “kazi zote” ilipungukiwa siku hiyohiyo.

Msaada mzuri zaidi niujuao kwenye suala hili ni Toleo la Kitaifa la Poland, lililosimamiwa kwa miongo kadhaa na Jan Ekier. Yeye aligawa kila kitu mafungu mawili: mfululizo A una kazi zilizochapishwa Chopin akiwa hai, mfululizo B una zilizobaki. Mpiga piano anayeandika kwenye programu yake kwamba anapiga A yote na sehemu fulani ya B namwamini. Anayeandika “zote” na kuishia hapo huwa namsogeza kando kidogo.

Dhana: “Wakubwa wote waliosifika kwa Chopin walipiga kila kitu”

Arthur Rubinstein alikuwa sura ya Chopin kwa watu wa karne ya 20, lakini hakurekodi seti nzima ya etudi. Washindi wa mashindano ya Chopin ya Warsaw, yaliyoanza mwaka 1927 na ambayo huchezwa kwa Chopin tu, hawadaiwi zaidi ya sehemu ndogo ya kazi zake. Maurizio Pollini alishinda mwaka 1960 na hakuwahi kutoa mazurka zote. Waliobeba mzigo mzima ni wachache: Nikita Magaloff, aliyekuwa akiupiga jukwaani kwa mfululizo wa matamasha sita, Vladimir Ashkenazy, ambaye rekodi zake zilijaza CD 13, İdil Biret wa Uturuki, Garrick Ohlsson wa Marekani. Kupiga zote ni tabia ya aina fulani ya msanii. Sidhani kama ni ngazi ya juu kuliko nyingine.

Dhana: “Etudi ndizo zinazowavunja”

Hii ndiyo dhana ninayoipenda kuliko zote kwa sababu inaonekana dhahiri. Etudi ni mazoezi yaliyogeuzwa kuwa muziki: 12 za Op. 10, 12 za Op. 25, na tatu ndogo za mwaka 1839. Zina mbio, zina oktava, zina vidole dhaifu vinavyofanyishwa kazi ya vidole vyenye nguvu. Mtu akizitazama kwenye karatasi anaona kabisa mahali pa kuumia.

Lakini zipime kwa saa. Op. 10 na Op. 25 zote pamoja huchukua kama saa moja. Na mpiga piano yeyote aliyefika kiwango cha kutangaza jambo hili amekuwa akizifanyia kazi tangu akiwa na miaka 12 au 13, shuleni, kwenye mitihani, kwenye mashindano. Mikono yake inazijua.

Mazurka je? Hizo zinakaribia 60, na kuzipiga zote ni zaidi ya saa mbili. Nyingi ni fupi, dakika mbili au tatu, na kwa macho ni rahisi. Zimetoka kwenye ngoma za Mazovia, eneo la Poland alikozaliwa: mapigo matatu, ila mkazo hautulii kwenye pigo la kwanza kama wa waltzi. Unahamia la pili, mara la tatu, na urefu wa mapigo yenyewe haulingani. Mpiga piano Charles Hallé, aliyemsikia Chopin kwa karibu mjini Paris, alimwambia kwamba anavyozipiga ni kama zina mapigo manne. Chopin alikataa, mpaka Hallé alipoanza kuhesabu kwa sauti, ndipo akacheka na kusema hiyo ndiyo tabia ya ngoma ya kwao. Mwanafunzi wa Chopin, Wilhelm von Lenz, anasimulia kwamba mtunzi wa opera Meyerbeer alimwambia jambo la namna hiyo, na safari hiyo Chopin alikasirika kwelikweli. Kitu ambacho mtunzi na wanamuziki wakubwa wa zama zake hawakuweza kukubaliana idadi ya mapigo yake, mpiga piano wa leo anatakiwa akipige mara sitini, na kila mara kiwe ngoma nyingine.

Ongeza hapo kumbukumbu. Mazurka hujirudia: sehemu ya kwanza inakuja tena na nota moja imebadilika, mara ya tatu inakuja na mkato tofauti mwishoni. Ukiteleza, unajikuta umeingia kwenye mazurka nyingine ya ufunguo uleule bila mlango wa kutokea. Kwenye etudi mwendo wa mkono unakukumbusha kinachofuata. Kwenye mazurka mkono haukumbushi kitu.

Halafu kuna deni lingine ambalo hadhira hailioni. Anayepiga zote hawezi kuchagua. Lazima ajifunze sonata ya kwanza, Op. 4, aliyoiandika Chopin mwaka 1828 akiwa bado mwanafunzi wa Elsner, mwalimu wake wa utunzi, kazi ambayo karibu hakuna ukumbi unaoiomba. Lazima ajifunze Bolero, Tarantella, na ile Allegro de concert, Op. 46, mabaki ya konserto ya tatu ambayo haikuwahi kukamilika, ambamo piano inafanya kazi yake na ya okestra kwa pamoja. Hiyo ni miezi ya kazi kwa dakika 12 ambazo hakuna atakayemwalika azirudie. Nikisikia mtu ameghairi mradi huu katikati, nadhani Op. 46 kwanza, kisha mazurka. Etudi sizidhanii.

Dhana: “Ndivyo walivyofanya enzi za Chopin”

Chopin alitoa matamasha ya hadhara takriban 30 maisha yake yote, na aliyachukia. Alipojitambulisha Paris, Februari 1832 kwenye ukumbi wa Pleyel, jioni hiyo ilikuwa na wapigaji kadhaa na kazi ya piano sita ya mpiga piano mwenzake Kalkbrenner. Tamasha lake la mwisho Paris, tarehe 16 Februari 1848, lilifunguliwa na trio ya Mozart na kulikuwa na waimbaji pia, mbele ya watu kama 300. Kukaa peke yako kwenye piano jioni nzima ni jambo alilolieneza mpiga piano na mtunzi Franz Liszt, aliyekuwa na kifua cha kulibeba. Nako kupiga seti nzima ya mtunzi mmoja kulianzia kwa Beethoven: Hallé huyohuyo alipiga sonata zake zote London mwaka 1861, na Artur Schnabel akafanya hivyo Berlin mwaka 1927. Mazoea hayo yalihamishiwa kwa Chopin baadaye.

Hata preludi 24 za Op. 28, ambazo leo hupigwa mfululizo kama kazi moja, hakuna ushahidi kwamba yeye aliwahi kuzipiga zote kwa mkao mmoja. Alikuwa akichomoa chache na kuzichanganya na vitu vingine. Piano aliyoipenda, Pleyel, ilikuwa nyepesi kwa kidole na ndogo kwa sauti, na mahali alipojisikia nyumbani ni sebuleni kwa watu aliowafahamu. Tamasha la kazi zote kwenye ukumbi wa watu elfu mbili na piano ya kisasa ni ubunifu wetu. Siuoni kuwa dhambi, ila tusimsingizie yeye.

Dhana: “Ni lazima zifuate namba”

Ukifuata namba za Op. utamaliza na utoto. Zile alizotoa Fontana zina namba za juu kwa sababu zilichapishwa mwisho, lakini ndani yake mna vipande vya miaka ya 1820, mtunzi akiwa kijana wa Warsaw. Ukifuata miaka ya kutungwa nako kuna kero yake: usiku wa kwanza unajaa rondo na polonezi za mwanafunzi, na watu hawarudi usiku wa pili. Wengi wenye busara huchanganya, baladi moja hapa, kundi la mazurka pale, sonata kufunga.

Dhana: “Akitazama nota, hiyo si kamili”

Mpiga piano Sviatoslav Richter katika miaka yake ya mwisho alipiga na nota mbele yake na taa ndogo ikimulika karatasi, ukumbi wote gizani. Hakuna aliyemwambia hajui kazi.

Dhana: “Kama kwa Chopin inawezekana, basi na kwa mwingine yeyote wa zama zile”

Brahms inawezekana, Schumann pia. Kwa Liszt mambo ni mengine kabisa. Leslie Howard wa Australia alirekodi muziki wake wa piano kwa kampuni ya Hyperion, akaanza miaka ya 1980, na mkusanyiko uliokamilika ukapita CD 90. Wenye kuuliza kwa nini hakuna anayetangaza “Liszt yote” jukwaani wapige hesabu ya usiku na kodi ya ukumbi.

Dhana: “Ukikosa usiku mmoja umekosa maana ya mfululizo”

Hii husemwa na wauza tiketi. Kazi hizi hazikutungwa ziungane. Kila moja ilikwenda kwa mchapishaji wake na kwa mtu aliyetunukiwa. Anayefaidi mfululizo mzima ni mpigaji mwenyewe, na pengine mwanafunzi mwenye nota mapajani. Sisi wengine tukikaa usiku wote tunakuwa kama mtu aliyelishwa pilau siku sita: ni pilau nzuri, ila siku ya nne ulimi umeshalala. Ukipata pesa ya usiku mmoja tu, usikimbilie wa etudi, hizo utazisikia kwa yeyote. Tazama programu utafute usiku wenye mazurka za Op. 50, 56 au 59, na ikibidi kuchagua kiti, kaa karibu na jukwaa, kwa maana sauti yake haikuandikiwa viti vya nyuma.