Saratani iliyojificha kwenye tezi za limfu: hukisiwaje?

Uvimbe wa pafu una sentimita 2, na picha za CT (eksirei ya kompyuta) na PET (picha ya seli zinazotumia sukari) hazionyeshi tezi yoyote ya kutiliwa shaka. Mgonjwa anaandikwa N0, yaani tezi hazijaguswa. Baada ya upasuaji, darubini inakuta seli za saratani ndani ya tezi. Huo ndio usambaaji uliojificha.

CT hutazama zaidi ukubwa: tezi hushukiwa kipenyo chake kifupi kikifika milimita 10. Yenye milimita 6 hupita hata ikiwa na seli. PET hutafuta seli zinazokula sukari kwa wingi, lakini zikiwa chache haziwaki vya kutosha. Kinyume chake pia hutokea: kifua kikuu huziwasha tezi zisizo na saratani, kwa hiyo tezi inayowaka isihukumiwe bila sampuli.

Kwa kuwa tezi zenyewe hazisemi, daktari huusoma uvimbe. Hatari hupanda ukiwa mkubwa, ukiwa karibu na katikati ya kifua, ukiwaka sana kwenye PET, au kiwango cha CEA, protini ambayo saratani huweza kuiongeza, kwenye damu kikiwa juu. Sehemu yake iliyo ngumu ina uzito mkubwa: uvimbe unaoonekana kwenye CT kama ukungu mtupu, bila sehemu ngumu, mara chache sana huwa umefika kwenye tezi. Miongozo ya Ulaya hutaka sampuli ya tezi ichukuliwe uvimbe ukizidi sentimita 3 au ukiwa katikati, hata kama picha ni safi. Sindano hupitishwa kwenye njia ya hewa ikiongozwa na ultrasaundi, ila tezi zilizo kando ya aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kwa kawaida haizifikii, na huko ndiko uvimbe wa juu kushoto hupenda kusambaa.

Programu za kompyuta za kukisia zimekuwa nyingi, na sifa yao ya “usahihi” hudanganya. Tuseme wagonjwa 10 kati ya 100 wana usambaaji huo. Programu inayojibu “hakuna” kwa wote itakuwa sahihi kwa asilimia 90, na haina faida yoyote. Swali la kuuliza ni hili: kati ya iliowaita salama, wangapi hawakuwa salama? Na je, imejaribiwa hospitali nyingine, kwa mashine nyingine?

Anayepasuliwa hutolewa tezi zikapimwa. Anayetibiwa kwa mionzi inayolenga uvimbe peke yake hatolewi tezi, na kilichojificha hubaki bila tiba. Kwake, hata hatari ndogo yaweza kutosha kuagiza sindano.