Miundo mbadala ya uchumi: nchi hulinganishwaje?

Miundo mbadala ya uchumi ni namna za kupanga na kupima uchumi wa nchi bila kulifanya pato la taifa kuwa mwamuzi wa kila kitu. Pato la taifa hujumlisha thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa kwa mwaka, basi. Msitu ukikatwa na magogo yakauzwa, pato linapanda. Msitu uliopotea hauandikwi popote. Simon Kuznets, mchumi aliyeongoza ukokotoaji wa mapato ya taifa nchini Marekani, alilitahadharisha Bunge la huko tangu 1934 kwamba hesabu hiyo haitoshi kupima ustawi wa watu.

Kuilinganisha miundo hii kunachanganya kwa sababu haifanyi kazi moja. Uchumi wa mzunguko, kwa mfano, unahusu malighafi: bidhaa itengenezeke inapoharibika, itumike tena, na taka za kiwanda kimoja ziwe malighafi ya kingine. China iliutungia sheria mwaka 2008. Ufaransa mwaka 2021 ilianza kutaka baadhi ya vifaa, kama simu na mashine za kufulia, viuzwe vikiwa na alama zinazomwonyesha mnunuzi kama ni rahisi kuvitengeneza vikiharibika. Ni hatua nzuri, ila nchi inaweza kurejeleza zaidi huku ikichimba zaidi. Wanaotaka nchi tajiri zipunguze uzalishaji na matumizi ndio wanaoligusa swali hilo la kiasi, na pengine ndiyo maana wanasiasa huwakwepa.

Muundo wa donati, uliochorwa na mchumi Kate Raworth mwaka 2012, ni dira zaidi kuliko sera. Duara la ndani ni mahitaji ambayo mtu hapaswi kuyakosa, kama chakula, maji, afya na elimu. La nje ni mipaka ya dunia, kama vile tabianchi na viumbe hai. Nchi inatakiwa kuishi katikati ya maduara hayo. Watafiti waliopima nchi zaidi ya 150 mwaka 2018 hawakupata hata moja iliyokidhi mahitaji ya msingi ya watu wake bila kuvuka mipaka hiyo. Kwa kipimo hiki, basi, nchi tajiri nazo ni nchi zinazoendelea.

Bhutan, inayosifiwa kila mara kwa kupima furaha ya taifa, ina jambo zito zaidi ambalo halitajwi sana. Katiba yake ya 2008 inaagiza angalau asilimia 60 ya ardhi ibaki msitu daima. Hojaji ya furaha yenyewe huuliza mambo ya kila siku, hata saa za kazi na za kulala. Lakini ufalme huo una watu wasiofika milioni moja na mito yenye nguvu, na huuza umeme wa maji India. Nchi isiyo na mito hiyo itaiga hojaji, haitaiga mapato.

Kwangu mimi, swali linalotenganisha muundo na kaulimbiu ni hili: umewahi kuzuia nini? Wales ina sheria ya mwaka 2015 inayozitaka taasisi za umma zifikirie vizazi vijavyo. Kamishna wa vizazi hivyo aliitumia kupinga hadharani mradi wa barabara mpya ya kupunguza msongamano wa barabara kuu ya M4, ambao serikali iliufuta mwaka 2019, ingawa gharama nayo ilichangia.

Ekuado ilikwenda mbali zaidi. Katiba yake ya 2008, iliyojengwa juu ya fikra ya maisha mema ya wenyeji wa Andes, iliipa asili haki za kisheria. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilizitumia kusimamisha uchimbaji madini katika msitu wa Los Cedros.

Kesi ya Yasuní, eneo jingine la Ekuado, ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 2007 Rais Rafael Correa alijitolea kuacha mafuta ardhini katika eneo hilo la Amazon, mradi mataifa mengine yachangie dola bilioni 3.6. Michango iliyoingia hadi 2013 ilikuwa kama dola milioni 13 tu. Akaufuta mpango na uchimbaji ukafuata. Agosti 2023 wananchi walipiga kura, na takriban asilimia 59 wakataka visima vifungwe. Ufungaji wenyewe unakwenda polepole, kwa kuwa mafuta bado ni tegemeo kubwa la bajeti ya serikali.