Je, sindano ya insulini ndiyo mwisho wa mgonjwa wa kisukari?

Wengi huamini kwamba mgonjwa wa kisukari akianzishiwa insulini, kinachofuata ni upofu au kukatwa mguu. Imani hiyo haikuzuka hewani. Mara nyingi sindano huanza kwa kuchelewa, sukari ikiwa imeshaharibu mishipa ya damu kwa miaka, kisha lawama huiangukia dawa iliyokuja mwisho.

Insulini ni homoni ya kushusha sukari ya damu, inayotengenezwa na kongosho letu wenyewe. Huchomwa badala ya kumezwa kwa kuwa ni protini; tumbo lingeimeng'enya kama nyama. Kabla ya 1922, mwaka ambao binadamu wa kwanza alitibiwa nayo huko Toronto, Kanada, mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza (kongosho linaposhindwa kutengeneza insulini) hakuishi muda mrefu. Leo anasoma, anaoa, anazeeka. Baadhi ya wajawazito huitumia, wakaiacha wakishajifungua. Hatari yake halisi ni sukari kushuka mno, ndiyo maana dozi hupimwa.

Ukitaka kuhakiki, omba kliniki kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha hali ya sukari ya miezi 2 hadi 3, kabla ya kuanza sindano na miezi 3 baadaye. Linganisha tarakimu mwenyewe. Na kama umezoeana na aliyekatwa mguu, muulize kwa upole: sukari ilikuwa juu kwa miaka mingapi kabla ya sindano?