Kabla hujaiboresha, irudishe kwanza: somo kutoka kwenye Ford Model A

Mtu akipata gari ya kabla ya vita, yaani zile zilizoundwa kabla ya 1939, swali la kwanza analoniuliza karibu kila mara ni abadilishe nini. Aweke umeme wa volti 12? Breki za haidroliki? Pampu ya petroli ya umeme? Mi huwa namjibu kitu kimoja tu, gari hiyo ilipotoka kiwandani ilikuwa inawaka, inasimama na haichemshi, na watu walizunguka nayo miaka kwenye barabara mbovu kuliko za leo. Kama leo haiwaki, haisimami na inachemsha, basi kuna vitu vimechakaa. Irudishe kwanza ilivyokuwa, uiendeshe msimu mzima, ndio uje tuongee habari za kuboresha. Wengi wakifika hapo hawarudi kuuliza tena.

Nitatumia Ford Model A kama mfano kwa sababu ndio ninayoijua mpaka kwenye nati ya mwisho, na ni shule nzuri kwa anayeanza maana iliundwa ili mwenye gari wa kawaida aweze kuitengeneza. Ford walianza kuiuza Desemba 1927, mpaka wanaiacha zilikuwa zimeshatoka zaidi ya milioni 4, kwa hiyo spea bado zinatengenezwa hadi leo. Injini silinda 4, lita 3.3, nguvu za farasi 40, gia 3 zisizo na sinkro (kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ziingie kwa ulaini), kwa hiyo klachi unaikanyaga mara mbili kila unapobadili gia.

Kabla hujafungua chochote piga picha, piga nyingi kuliko unavyodhani unahitaji, na upime. Hasa milango. Bodi nyingi za enzi zile ndani zina mbao na bati limepigiliwa juu yake, mbao ikioza mlango unaning'inia, alafu fundi anahangaika na bawaba wakati bawaba hazina kosa lolote. Ukiinyanyua bodi kutoka kwenye chasisi bila kuweka vyuma vya kuishikilia kwanza kwenye matundu ya milango, itajipinda, na hiyo hutaijua mpaka siku rangi imeshapulizwa na milango haifungi. Nimeshaletewa gari ya namna hiyo, rangi inang'aa kama kioo, mlango wa kushoto umegoma kabisa, ikabidi tuvue kila kitu tuanze upya.

Tuje kwenye umeme maana ndio unaosingiziwa kuliko vyote. Model A ni volti 6, na chanya ndio inayofungwa kwenye chasisi, kinyume na gari za sasa. Watu wanasema volti 6 ni dhaifu, stata inazunguka kama imechoka. Sasa fikiria hivi, kazi ya stata ni ileile, volti zikiwa nusu basi ampea lazima ziwe mara mbili, kwa hiyo waya lazima uwe mnene sana. Mtu ananunua waya wa betri wa gari ya kisasa, mwembamba, anaufunga juu ya chasisi iliyopakwa rangi mpya, volti moja inapotea njiani. Kwenye mfumo wa volti 12 moja ikipotea hutaiona sana, kwenye volti 6 umepoteza sehemu moja ya sita ya volti zote. Nunua waya mnene, kwangua rangi mpaka chuma kiwe cheupe pale earth inapofungwa, fungia waya mwingine wa earth kutoka giaboksi kwenda chasisi, na stata itazunguka vizuri kabisa. Na kitu kimoja muhimu, usiwashe injini betri ikiwa imetolewa, daynamo zile zinategemea betri kuzuia volti zisipande, ukizungusha bila betri unaichoma.

Breki. Hapa naomba unisome polepole kwa sababu ni habari ya maisha ya watu.

Model A ina breki kwenye magurudumu yote 4 na zote zinavutwa kwa fito za chuma, hakuna oili wala paipu. Zikiwa sawa zinasimamisha gari vizuri kwa mwendo wake. Shida ni kwamba kati ya pedali na gurudumu kuna viungo vingi, kila kiungo kina pini, na kila pini imekula tundu lake kidogo. Kidogo hapa, kidogo pale, ukijumlisha unakuta nusu ya safari ya pedali inaishia kwenye kubana ulegevu tu. Mtu akiona hivo anafupisha fito. Usifanye hivo! Ukifupisha, mikono ya breki inaanza safari kwenye pembe mbaya na nguvu inapungua zaidi, pedali itakuwa juu na utadhani umetengeneza. Fito zina urefu wake, urefu huo uheshimiwe, kinachotakiwa ni kutoboa upya yale matundu, kutia bushi, kuweka pini mpya, kiungo baada ya kiungo mpaka ulegevu uishe. Inachosha kweli, inaweza kukula wiki nzima, lakini hakuna njia ya mkato.

Alafu dramu, zile ngoma za chuma zinazozunguka na gurudumu. Za asili ni bati la chuma lililokandamizwa, zikipata joto zinatanuka zinakimbia shu (zile viatu za breki zinazozikandamiza kwa ndani), na nyingi zimeshakerezwa mpaka zimebaki nyembamba. Dramu za chuma cha kutupwa ni mabadiliko ninayoyaunga mkono mia kwa mia, kwa nje hayaonekani na gari inabaki ilivyo. Lining mpya, ile inayobandikwa kwenye shu kusugua dramu, nayo lazima isuguliwe ifuate mviringo wa dramu, isiguse katikati tu. Kwenye kurekebisha, breki za nyuma zitangulie kidogo kushika kabla ya za mbele, ili gari isikutoke ukikanyaga ghafla. Na lining za zamani zina asbestosi, kwa hiyo usipulize vumbi lake kwa kompresa hata siku moja, lowesha kwanza, vaa barakoa nzuri, futa kwa kitambaa na ukitupe.

Injini. Beringi za kranki na konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki) hazina shelu, yaani vipande vya beringi vya kubadilisha, kama gari za sasa. Ni babiti, madini laini yenye bati, antimoni na shaba, inayomiminwa ikiwa ya moto kwenye bloku yenyewe na kwenye konrodi, ikipoa inachongwa mpaka saizi. Mafundi wanaojua kumimina babiti wamebaki wachache, ukimpata mzuri mtunze. Kati ya kofia ya beringi na mwili wake kunakuwa na vipande vyembamba vya shaba, beringi ikilika unatoa kipande kimoja unafunga tena, nafasi ya oili inabaki kama milimita 0.04. Yaani injini hii unaweza kuikaza ndani bila kuitoa kwenye gari, unafungua sampu tu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Oili nayo inatembea kivyake. Pampu inaipandisha kwenye chumba cha valvu, kutoka hapo inashuka kwa uzito wake kwenye beringi kubwa, na konrodi zina kijiko chini kinachochota oili kwenye trei kila kranki ikizunguka. Filta haipo. Kwa hiyo kiwango cha oili kikishuka vijiko havichoti, na uchafu ukiingia unazunguka humohumo. Ndio maana Ford walisema oili imwagwe kila maili 500, kama kilomita 800 hivi, na mi sijaona sababu ya kubishana nao.

Ukisikia injini inagonga usikimbilie kuishusha. Iache iungurume mwendo wa kati, chukua bisibisi yenye mpini mkavu wa mbao, gusisha plagi na hedi ili cheche ya silinda hiyo ipotee. Plagi za Model A zimeunganishwa kwa vipande vya shaba vilivyo wazi, kwa hiyo ni rahisi kufika, ila mikono iwe mbali na chuma. Nenda moja baada ya nyingine. Ile ambayo ukiizima mlio wa kugonga unapungua, konrodi yake ndio inayolalamika.

Na kuchemsha je? Kabla hujanunua rejeta mpya angalia taimingi, yaani wakati cheche inapopigwa. Chini ya usukani upande wa kushoto kuna wenzo wa kurudisha au kuwahisha cheche. Wakati wa kuwasha unakuwa juu kabisa, la sivyo injini inaweza kupiga kinyume na kuvunja stata, au mkono wako kama unatumia hendeli ya kuzungushia injini. Ikishawaka unaushusha. Wengi wanausahau juu, cheche inachelewa, gari inakosa nguvu na inachemsha. Kutaimu kwenyewe ni raha tupu, mbele kwenye kava ya gia za taimingi kuna pini ya bolti, unaitoa, unaigeuza, unaichomeka tundu lilelile, mwenzako anazungusha hendeli polepole huku wewe unaisukuma, mpaka uisikie imezama kwenye kishimo cha gia ya kamshafti. Hapo pistoni namba 1 iko juu. Nafasi ya pointi za distributa ni milimita 0.5, mpangilio wa cheche 1-2-4-3. Mi kila nikisikia ile pini ikizama namkumbuka mhandisi aliyeifikiria.

Petroli inashuka yenyewe kutoka tangi lililo mbele ya dashibodi, juu kidogo ya magoti yenu. Pampu ya umeme hapa ni hatari kabisa, sindano ya kabureta imetengenezwa kuzuia uzito wa petroli tu, presha ya pampu inaisukuma, kabureta inafurika juu ya injini ya moto. Safisha kutu ndani ya tangi, safisha kikombe cha uchafu, inatosha. Petroli za siku hizi zenye ethanoli zinavuta maji, kwa hiyo usiiache tangini miezi na miezi.

Rangi nitaiongelea siku nyingine, ila kama rangi ya asili bado ipo, hata ikiwa imefifia na ina mikwaruzo, tafadhali usikimbilie msasa. Hiyo haitengenezwi tena.

Yaliyobaki ni grisi kila kilomita 800, nipeli zote za kupigia grisi usiruke hata moja, na kuiendesha. Ikikaa mwezi mzima kwenye turubai sili zinakauka na oili yote inashuka chini, angalau itoe kila wiki mbili mpaka injini ishike moto wa kweli. Na ukishaiegesha, kabla hujafunga mlango, funga na koki ya petroli.