Bangi kuwa halali kwa jimbo, maana yake nini hasa huko Marekani?

Mtu akikwambia "Marekani bangi ruksa" muulize jimbo gani, maana Marekani nzima haijaruhusu. Kuna sheria za aina mbili zinaishi pamoja, ya jimbo na ya serikali kuu ya Washington DC, na kwenye bangi hazielewani kabisa. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1970 iliiweka bangi daraja la kwanza la dawa za kulevya, kundi moja na heroini. California wakaruhusu ya matibabu mwaka 1996 kwa kura ya wananchi, halafu Novemba 2012 Colorado na jimbo la Washington wakaruhusu hata ya starehe kwa mtu wa miaka 21 kwenda juu. Leo majimbo yanayoruhusu ya starehe yamefika 24.

Sasa jimbo likihalalisha haina maana kila mtu auze anavyotaka, tena hapo ndo sheria zinakuwa nyingi. Colorado kwa mfano, kura ile ya 2012 ilimruhusu mtu kuwa na aunsi moja, kama gramu 28 hivi, na kulima miche 6 nyumbani ila inayotoa maua isizidi 3. Anayefanya biashara lazima awe na leseni, kila mche unafungwa kikadi chenye namba na unafuatiliwa tangu mdogo mpaka bidhaa ifike dukani, mlangoni unaonyesha kitambulisho hata kama una mvi, pakiti iwe ngumu mtoto asiweze kufungua, na kodi yake si mchezo. Na bado mji au kaunti inaweza kusema sisi maduka hayo hatuyataki kwetu, na ikawa hivyo.

Kuna majimbo mengine hayajahalalisha, yamepunguza adhabu tu, yaani ukikutwa na kidogo unapigwa faini badala ya kwenda jela, lakini kuuza bado kosa. Watu wanachanganya sana hivi vitu viwili.

Na ruhusa ya jimbo inaishia mpakani. Ukinunua Colorado ukavuka nayo kwenda Nebraska umeshavunja sheria ya serikali kuu, hata ukitoka jimbo halali kwenda jimbo halali ni hivyo hivyo. Mabenki mengi nayo yanaogopa hela za bangi ndo maana maduka mengi yanaendeshwa kwa keshi.

Ila kinachoniuma mimi ni watu wetu walioko kule na grini kadi, yaani kibali cha kuishi kule moja kwa moja ila bado si raia, mtu anaona duka lina leseni, polisi wanapita hawasemi kitu, anaamini yuko salama. Uhamiaji hawaangalii sheria ya jimbo, wanaangalia ya serikali kuu. Mwaka 2019 idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, ilitoa mwongozo kwamba kujihusisha na bangi kunaweza kukunyima uraia kwa kigezo cha tabia njema, hata kama jimbo lako limeruhusu, na hapo hata kuajiriwa kwenye biashara hiyo kunahesabika, sio kuvuta tu. Kwa hiyo ndugu yako akipata kazi ya kaunta kwenye duka la bangi kabla hajaomba uraia, aongee kwanza na wakili wa uhamiaji, na asijibu maswali ya bangi kwa afisa yeyote kwa kujiamini eti "huku kwetu ni halali".