Dhana potofu kuhusu wanasiasa wanaopindisha habari

Dhana: Kupindisha habari ni kusema uongo.

Mara nyingi inatosha kunyamaza. Septemba 24, 2002, serikali ya Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati huo, Tony Blair, ilitoa waraka uliodai kwamba Iraq inaweza kuwa na silaha za kemikali tayari kwa matumizi ndani ya dakika 45 baada ya amri. Kesho yake, gazeti la The Sun likawatangazia Waingereza kwamba wako dakika 45 tu kabla ya maangamizi. Waraka haukueleza kwamba taarifa hiyo ya kijasusi ilihusu silaha za uwanja wa vita, si makombora ya masafa marefu. Waziri wa Ulinzi, Geoff Hoon, alilijua hilo, kama alivyoueleza uchunguzi wa Jaji Hutton mwaka 2003. Magazeti hayakusahihishwa. Silaha zenyewe hazikupatikana.

Dhana: Kiongozi akisema, na gazeti kubwa likaandika vilevile, basi imethibitishwa.

Hapa ndipo wasomaji wengi hunaswa, hata walio makini. Jumapili, Septemba 8, 2002, New York Times iliandika ukurasa wa kwanza kwamba Iraq inasaka mabomba ya alumini ya kurutubishia urani, yaani kuiandaa iweze kutengeneza bomu la nyuklia. Vyanzo vyake vikuu vilikuwa maofisa wa serikali ya Rais Bush wa Marekani wasiotajwa majina. Siku hiyohiyo Makamu wa Rais, Dick Cheney, alihojiwa kwenye televisheni ya NBC na kulitaja gazeti hilo kuunga mkono hoja yake. Mtazamaji alidhani ana mashahidi wawili, kumbe serikali ilikuwa inajinukuu yenyewe. Ndani ya serikali hiyohiyo, wataalamu wa Wizara ya Nishati waliona mabomba yale yanafaa zaidi kwa roketi za kawaida. Mohamed ElBaradei, mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki wakati huo, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa jambo kama hilo Machi 7, 2003. Wiki mbili hazikupita, vita vikaanza.

Dhana: Kupindisha habari ni ugonjwa wa vyombo vya serikali na waandishi wa bahasha.

New York Times si mali ya serikali, wala hakuhitajika kuhongwa mtu. Mwandishi anataka habari kabla ya wenzake, ofisa anayo, na ofisa akiudhika hapokei simu tena. Waandishi wa Knight Ridder, kampuni ya magazeti ya Marekani, waliwatafuta maofisa wa ngazi za chini, wakaandika mashaka yao mapema. Naona wanastahili heshima kuliko wanayopewa.

Dhana: Gazeti likisahihisha, yamekwisha.

New York Times ilikiri kasoro za habari zake za Iraq Mei 26, 2004, zaidi ya mwaka mmoja baada ya uvamizi. Habari ya mabomba ilikuwa ukurasa wa kwanza. Maelezo ya kukiri yaliwekwa ukurasa wa 10.